Kijani: Tano, Tano, Tano

Saa nne usiku Jeltsje ananiletea baiskeli,
ameikokota kutoka Bolsward hadi hapa Sneek,
mvua ya mlalo, upepo umemchuna mashavu.
Mkunga huyu gari amemwachia mwanawe,
na wiki hii kuna tumbo moja huko Wommels
lisilongoja mtu.

"Inatetemeka," anasema. "Nikibonyeza,
ni kama mtu anataka kutaja jina lake
akakwama kwenye herufi ya kwanza."

Naujua ugonjwa huo.
Mpaka nilipotimiza miaka kumi na miwili
nilikwama kwenye W ya Wytske,
na darasa zima likinisubiri
kwa ule upole unaoua.

Sianzi na mota. Fundi mchanga huanza na mota.
Naanza na betri: thelathini na tisa nukta mbili,
ameshiba, hana njaa huyu.
Nachomoa waya wa breki, maana swichi yenye kutu
hukata umeme kimyakimya, akalaumiwa jirani.
Bado inatetemeka.
Nazima, nainua gurudumu la mbele, nalisukuma kwa kiganja:
linateleza, halikazi, halikwaruzi,
basi kontrola haijaungua ndani.
Haina hatia.
Au tuseme, haina hatia hiyo.

Nyaya tatu nene nazo ziko sawa.

Zimebaki tano nyembamba, kama mishipa ya jicho.
Nyekundu hupeleka volti tano, nyeusi hurejesha,
na tatu zilizobaki ni mashahidi:
kila sumaku ikipita, kila mmoja atoe kauli.
Nawasha tena. Nachomeka ncha ya mita nyuma ya soketi,
nazungusha gurudumu polepole, kwa kidole kimoja.

Njano: tano, sifuri, tano, sifuri.
Buluu: tano, sifuri, tano, sifuri.
Kijani: tano.
Tano.
Tano.

Shahidi aliyekaririshwa jibu moja.

Nafuata kebo kwa tochi mpaka kwenye ekseli,
na hapo mambo yote yako wazi:
nati imelegea, ekseli imejizungusha ndani ya uma
ikaikokota kebo, ikaibana kwenye meno ya skrubu
mpaka ngozi ikachanika.
Na ile washa yenye jino, ya kuizuia ekseli isigeuke,
imevishwa kinyume. Jino linaangalia hewa.

"Nani kavisha hii?"

Mvua tu, kwenye kioo.
"Mimi," anasema. "Jumapili. Pancha.
Nilikuwa na haraka, mama alishapasuka chupa."
Kisha, akifuta pua kwa mkono wa koti:
"Nilijua. Tangu Jumatatu nilijua.
Nikasema labda itapona yenyewe."

Mficha uchi hazai.
Sikulitamka. Kwa mkunga, tena?

Namenya ganda jeusi, naukuta waya wa kijani
umekatika, umebaki unyuzi mmoja na chumvi ya barabarani.
Nakata, naunga kwa risasi ya moto,
moshi unapanda kati ya vichwa vyetu viwili.
Navisha mrija, naupasha mpaka ukumbatie.
Washa naigeuza, jino lizame kwenye mdomo wa uma,
nati nazikaza mpaka bega lilalamike,
na kebo naiachia kitanzi chini,
maji yadondokee pale, yasitafute mlango.

Nabonyeza.

Linasema neno lote, kwa pumzi moja,
halafu linaendelea kulisema.

Simu yake inaita. Wommels.
Hakuuliza bei, wala mimi sikuitaja.
Taa nyekundu ikakunja kona ya mfereji, ikapotea.

Glovu yake ya kushoto imebaki mezani, imelowa chapa.
Nikaiweka juu ya chaja ya betri ikauke—
la. Juu ya kiti.
Usingizi utaniunguzia nyumba.